Riwaya Pendwa na Mtunzi Mchanga: Funzo kutoka kwa Simenon, Zamenga na Musiba

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Ya kwanza hufundishwa darasani, huandikiwa tasnifu na hutungiwa maswali ya mtihani. Ya pili husomwa. Mgawanyo huu una manufaa yake, kwani si kila kitabu kinachouzwa sana kina uzito wa fikra, wala si kila kitabu kizito kinastahili lawama kwa kukosa wanunuzi. Hata hivyo umeleta dhara moja ambalo halijaangaliwa vya kutosha. Mwanafunzi anayetaka kuwa mtunzi huianza kazi akiwa amekwisha kufundishwa kuwadharau waandishi walioweza jambo ambalo yeye hajaliweza bado: kumfanya mtu asiyemjua, aliyechoka kwa kazi ya mchana kutwa, afungue kitabu na asikiweke chini mpaka kiishe.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuwatazama waandishi watatu waliopendwa na wasomaji wengi: Georges Simenon wa Ubelgiji, Zamenga Batukezanga wa Kongo, na Aristablus Elvis Musiba wa Tanzania. Wamechaguliwa kwa sababu kila mmoja ana uhusiano na nchi hii. Simenon alisafiri Kongo mwaka 1932 na akaiandikia. Zamenga ni mwana wa nchi, mzaliwa wa upande wa Luozi. Musiba aliufanya mji wa Kinshasa kuwa uwanja wa matukio katika riwaya yake Kikosi cha Kisasi ya mwaka 1979. Swali linaloulizwa ni moja, lakini lina pande mbili: mtunzi mchanga wa Kiswahili ajifunze nini kwa watu hawa, na akatae nini?

2. Kazi kama kazi: mfano wa Simenon

Simenon alizaliwa Liège mwaka 1903. Mwezi wa Januari 1919, kabla hajatimiza miaka 16, aliajiriwa na gazeti la mji wake, na huko ndiko alikojifunza kuandika kila siku, apende asipende, habari ziwepo au zisiwepo. Alipohamia Paris mwishoni mwa mwaka 1922 hakuanza kwa kutunga kitabu kikubwa. Kwa miaka kadhaa aliandika hadithi fupi za magazeti na riwaya ndogo za bei rahisi, takriban mia mbili, akitumia majina mengi ya kubuni. Jina lake halisi alilitia kwenye riwaya za kamishna Maigret, ambazo zilianza kutolewa na nyumba ya Fayard mwaka 1931. Kabla ya mfululizo huo kufungwa mwaka 1972, zilifika riwaya 75, mbali ya hadithi fupi 28 na riwaya nyingine nyingi zisizo za upelelezi.

Watu wengi wakisikia hesabu hiyo husema kwamba mtu huyo alikuwa na kipaji cha ajabu, na hapo mazungumzo huishia. Jibu hilo ni la uvivu. Ukichunguza mazoea yake ya kazi, utaona utaratibu mkali kuliko ule wa maofisi mengi. Kabla ya kuanza riwaya aliandika juu ya bahasha majina ya wahusika, umri wao, jamaa zao, nyumba zao na hata namba zao za simu. Majina yenyewe aliyatafuta katika vitabu vya simu. Kisha alijifungia chumbani na kuandika sura moja kwa siku, akifuta siku katika kalenda mpaka kitabu kimalizike, mara nyingi katika muda usiozidi wiki mbili. Akipatwa na ugonjwa wa kumkatiza siku mbili, kitabu hicho alikitupa, kwa kuwa uzi ulikuwa umekatika.

Si lazima mtu aige mwendo huo, wala pengine hautawafaa wengi. Funzo lake liko kwingine. Bahasha ile inaonyesha kwamba Simenon aliwajua wahusika wake kabla ya kuwatia katika matata. Watunzi wengi wachanga hufanya kinyume: huanza na fundisho wanalotaka kulitoa, kama ubaya wa rushwa au madhara ya ndoa za kulazimishwa, halafu hutafuta watu wa kulibeba. Matokeo yake ni wahusika wasio na nyumba, wasio na deni, wasiojua bei ya unga. Msomaji hupoteza hamu mapema, si kwa sababu fundisho ni baya, bali kwa sababu hajakutana na mtu.

3. Uchache wa maneno

Simenon mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba mshauri wake mkubwa alikuwa mwandishi Colette, aliyesimamia hadithi za gazeti la Le Matin. Alimpelekea kazi zake, naye akazikataa kwa kuwa zilijaa fasihi mno. Alimwambia aiondoe yote. Kijana yule alitii. Baadaye, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1955, alieleza kwamba alipokuwa akisahihisha maandiko yake alikata vivumishi, vielezi, na kila neno lililowekwa kwa ajili ya kupendeza tu. Alipendelea maneno ya vitu vinavyoshikika: mvua, meza, mkate, makaa.

Shauri hilo lina uzito wa pekee kwa mtunzi wa Kiswahili. Lugha hii ina hazina kubwa ya misemo, takriri na tashbihi, na shule imemzoesha mwanafunzi kuhesabiwa alama kwa wingi wa mapambo. Kwa hiyo mtunzi mchanga anapotaka kusema kwamba mwanamke fulani amefilisika, huenda akaandika hivi: “Jua lenye mng'ao wa dhahabu lilikuwa likizama taratibu nyuma ya milima mirefu, huku moyo wa mama yule mnyonge ukizama katika bahari ya huzuni isiyokuwa na kifani.” Mwandishi aliyepitia shule ya hadithi za magazeti angeandika: “Mama Feza alizihesabu tena pesa zile. Zilikuwa pungufu kama mara ya kwanza.” Sentensi ya kwanza inamwambia msomaji kwamba kuna huzuni. Ya pili inamwachia huzuni hiyo mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba uchache wa maneno ni umaskini wa lugha. Maigret hupita katika mitaa ya Paris na katika miji midogo ya mifereji na bandari. Msomaji husikia harufu ya bia, huona ukungu, huhisi unyevu wa koti. Yote hayo hupatikana kwa maneno ambayo mtoto wa shule huyafahamu. André Gide, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alimheshimu Simenon sana kwa uwezo huo. Na mwaka 2003, miaka 14 baada ya kifo chake, riwaya zake kadhaa ziliingizwa katika mkusanyo wa Pléiade, ambamo Wafaransa huwahifadhi waandishi wao wakubwa. Mpaka kati ya riwaya pendwa na riwaya dhati, basi, si ukuta wa mawe.

4. Msomaji anayejulikana: mfano wa Zamenga

Katika Kongo yenyewe hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2000. Kuanzia Souvenirs du village na Les hauts et les bas, vilivyotoka mwaka 1971, kupitia Bandoki na Carte postale, mpaka Un croco à Luozi na vingine vingi, aliwapatia Wakongo vitabu vyembamba, vyenye Kifaransa chepesi, juu ya mambo wanayozungumza nyumbani: uchawi na hofu yake, kijiji na mji, mtu anayetamani Ulaya, jamaa wanaomtegemea ndugu mmoja mwenye mshahara. Hutajwa kuwa mwandishi aliyesomwa kuliko wote nchini katika wakati wake.

Wasomi hawakumpokea kwa furaha iliyo sawa na ile ya wasomaji. Lugha yake ililaumiwa kuwa ya kawaida mno, msuko wake kuwa umelegea, na mafundisho yake kuwa yanatolewa waziwazi kama ya mzee mbele ya vijana. Lawama hizo si za uongo. Mtu akizisoma kazi zake kwa jicho la mhakiki ataona mahali ambapo hadithi husimama ili mwandishi atoe hotuba. Lakini mhakiki anapomaliza kuzitaja kasoro hizo hubaki na swali ambalo hakulijibu: kama kasoro zilikuwa nyingi hivyo, kwa nini watu walisoma?

Jibu moja ni kwamba Zamenga alimjua msomaji wake. Alijua kuwa ni mtu aliyepitia shule ya msingi au ya sekondari, ambaye Kifaransa si lugha yake ya mama, na ambaye fedha za kitabu zinashindana na fedha za chakula. Alimwandikia mtu huyo bila kumdharau. Hakumtaka kwanza awe Mfaransa ndipo astahili kusimuliwa hadithi. Jibu la pili ni kwamba aliandika juu ya mambo yaliyokuwa na hatari halisi kwa watu hao. Katika nchi ambamo mtoto au mzee aweza kufukuzwa nyumbani kwa kushukiwa uchawi, kitabu chenye jina la Bandoki, yaani wachawi, si burudani tupu.

Hapa mtunzi wa Kiswahili anakutana na funzo gumu kuliko lile la Simenon. Kupunguza vivumishi ni kazi ya kalamu. Kumjua msomaji ni kazi ya miguu. Inampasa mtunzi ajue watu wa kwao wanasoma wapi, wakati gani, na nini. Kitabu cha kurasa mia nne kinachohitaji kamusi kandoni kinaweza kuwa kizuri sana, lakini mwandishi wake asishangae kikisomwa na jopo la mtihani peke yake.

5. Fumbo, taharuki na haki ya msomaji

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina umri mzuri. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya miaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, ni jamaa wa Sherlock Holmes. Lakini kifo anachokichunguza, cha Bwana Ali Bomani, kimetokea mahali panapoogopwa kwa mizimu. Hapo pana akili kubwa. Abdulla alichukua umbo la kigeni na kulipa swali la wenyeji: je, watu watosheke na jibu la mizimu, au watafute mkono wa binadamu? Umbo na swali vikashikamana, na upelelezi ukawa njia ya kufikiri.

Musiba alikwenda njia nyingine. Mpelelezi wake Willy Gamba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, si mtu wa kukaa akavuta kiko. Ni mtu wa ndege, mahoteli, bastola na mwendo wa kasi. Lakini maadui zake si wezi wa kawaida. Nyuma yao kuna utawala wa makaburu wa Afrika Kusini uliokuwa ukipambana na wapigania uhuru. Msomaji wa miaka ya sabini aliyekuwa akisikia habari za ukombozi redioni aliweza kuzikuta tena katika kitabu, safari hii akiwa na mtu wa kumfuata. Kikosi cha Kisasi kilipompeleka Gamba Kinshasa, msomaji wa Dar es Salaam aliletewa mji wa Kongo kama mahali ambapo mambo makubwa ya bara yanaamuliwa. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu wa Tanzania alikuwa ameiandikia Kinshasa riwaya ya Kiswahili yenye wasomaji wengi, wakati ambapo riwaya za Kiswahili zilizotungwa Kongo kwenyewe zilikuwa adimu.

Mbinu ya waandishi hawa inaweza kuelezwa kwa ufupi. Kila sura hufungua swali jipya kabla ya kulifunga la zamani. Msomaji huambiwa kiasi cha kumfanya akisie, lakini hanyimwi vidokezo anavyovihitaji. Siri ikifichuka, huweza kurudi nyuma akaona kwamba ilikuwapo mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo haki ya msomaji. Mtunzi anayeficha habari muhimu, kisha akaleta pacha asiyetajwa au shangazi aliyetoka safarini ili kukata fundo, amemdhulumu. Na haki hiyo haihusu upelelezi peke yake. Riwaya ya ndoa, ya ufukara au ya vita nayo yahitaji swali linalomfanya msomaji ageuze ukurasa. Taharuki si peremende ya kumbembelezea msomaji mvivu. Ni ahadi kwamba yanayosimuliwa yana mwisho unaostahili kungojwa.

6. Suala la mazungumzo

Liko jambo moja ambalo mtunzi wa Kongo hawezi kulijifunza moja kwa moja kutoka kwa Musiba wala kwa Abdulla, kwa kuwa hali yake si yao. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini Kiswahili kinachosemwa sokoni Lubumbashi, Bukavu au Kisangani si kile cha vitabu. Mama anayeuza samaki katika soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, akiulizia watoto wake atasema “Batoto beko wapi?” Mtunzi akimtia kinywani “Je, watoto wangu wamekwenda wapi?” sarufi imetengenea, lakini mama ametoweka. Aliyebaki ni mwalimu aliyevaa kitenge.

Waandishi pendwa wa kila nchi wamelitatua tatizo kama hili kwa njia inayofanana: usimulizi huwekwa katika lugha inayoeleweka na wengi, na mazungumzo huachwa yanukie mahali pake. Katanga yenyewe ina ushahidi kwamba wasikilizaji hupenda lugha yao iheshimiwe. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilijipatia umaarufu mkubwa, jukwaani na katika redio na televisheni, kwa michezo iliyochezwa katika Kiswahili cha mji. Tena mwaka 1965 liliandikwa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, maandishi yaliyotiwa sahihi ya André Yav kwa ajili ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wakoloni, nayo yalitumia Kiswahili chao wenyewe. Walioyaandika hawakungoja ruhusa ya kamusi. Mtunzi mchanga anayeandika usimulizi wake kwa Kiswahili sanifu na mazungumzo yake kwa Kiswahili cha watu hafanyi uasi. Anafanya kazi ya riwaya.

7. Yasiyofaa kuigwa

Baada ya sifa hizo haki yataka kasoro nazo zitajwe. Ya kwanza ni mazoea. Kitabu kikifaulu, msukumo wa kukirudia ni mkubwa, na mwandishi hujikuta akibadili majina na miji tu. Willy Gamba hafi. Msomaji anajua hivyo tangu ukurasa wa kwanza, na hatari ya kila sura hupungua kwa kiasi hicho. Ya pili ni wanawake. Katika riwaya nyingi za kijasusi mwanamke ni mzuri wa kutisha, na huwa ama mtego ama zawadi ya mshindi. Ni nadra kuwa na kazi, wazo au deni lake. Mtunzi wa leo hana udhuru wa kuyarudia hayo, hasa katika nchi ambamo wanawake ndio wanaobeba masoko na nyumba mabegani.

Ya tatu inamhusu Simenon na bara hili. Le Blanc à lunettes, ya mwaka 1937, ni riwaya ya mzungu mwenye shamba la kahawa Kongo. Mambo ya moyo wa wazungu yamechunguzwa kwa makini. Mwafrika yuko pembeni, kama sehemu ya mandhari. Mwandishi aliyesifiwa kwa kuelewa watu bila kuwahukumu hakufika kwenye ufahamu huo alipokuwa mbele ya watu waliotawaliwa na nchi yake. Hili si la kumfutia ufundi wake, bali la kumwonya mwanafunzi: jicho linaloona vizuri mtaa mmoja laweza kuwa pofu katika mtaa wa pili. Mtunzi wa Kongo naye ajiulize ni nani amewaweka pembeni: mtumishi wa nyumbani, mchimbaji wa madini, mtoto wa barabarani, au watu wa kabila la jirani.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba mafanikio ya waandishi wapendwao hayakuanguka kutoka mbinguni. Simenon anafundisha utaratibu wa kazi na uchache wa maneno. Zamenga anafundisha kumjua msomaji na kumheshimu. Abdulla na Musiba wanafundisha kushika umbo la kigeni na kulitia swali la kwao. Hakuna hata moja kati ya mafunzo hayo linalomlazimisha mtunzi kuacha uzito wa fikra. Yanamtaka tu asiutumie uzito huo kama kisingizio cha kutosomwa.

Ni kweli kwamba mwandishi wa Kiswahili nchini Kongo hana Fayard yake. Vitabu ni ghali, maduka ni machache, na shule hutumia Kifaransa mapema mno. Hayo hayategemei kalamu. Lakini yako yanayoitegemea: mhusika mwenye nyumba na jina, sentensi isiyo na mafuta ya bure, sura inayoacha mlango wazi, mama wa sokoni anayesema kama mama wa sokoni. Lugha yenye wasemaji mamilioni na riwaya chache hupoteza kitu kila mwaka, kwa kuwa wasemaji wake huzoea kudhani kwamba hadithi ndefu ni za lugha za wengine. Idara za Kiswahili zitafanya vema kuweka kitabu kimoja cha riwaya pendwa katika kila mtaala wa utunzi, kisichambuliwe kwa kudharauliwa, bali kifunguliwe kama fundi afunguavyo saa, ili wanafunzi waone kinavyokwenda. Asiyeuliza, hanalo ajifunzalo. Na wa kuulizwa wa kwanza ni yule ambaye vitabu vyake vimechakaa kwa kupita mikononi mwa watu.